Kifutio Kimenifungisha Ofisini

Jamani, nimefungiwa ndani ya ofisi yangu mwenyewe hapa Kalangalala!

Mzee mmoja mchimbaji wa dhahabu kaniletea kompyuta isiyowaka. Nikaifungua, nikachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, nikaanza kusugua vile vimeno vyake vya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Mafundi wote tunafanya hivyo.

Mzee kaona ile rangi. Kafunga mlango, kauwekea kiti, kakaa.

"Dhahabu yangu unaifuta?"

"Baba, natoa uchafu tu!"

Nikaichomeka tena. Kompyuta ikawaka. Nikajua nimepona.

"Imewaka, sawa. Hutoki mpaka nipate hayo mavumbi ya kifutio."

Nikampigia jirani yangu, Mama Neema, aje kunitoa.

Kafika mbio. Mzee kamfungulia.

Mama Neema kaingia na karai la kuoshea dhahabu, akaufunga mlango mwenyewe.