Mama Yangu Amebaki Upande wa Pili wa Ukuta

(Barua hii imetufikia kutoka Kawangware. Jina la aliyeiandika tunalo, na litabaki kwetu.)

Mhariri, na nyinyi mnaosoma ukurasa huu mkingojea chai ichemke, salamu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba. Nina mke, watoto watano, na tumbo linalofika mkutanoni kabla yangu. Nina vyumba vichache vya mabati vya kupangisha, na tena ni mwenyekiti wa chama cha wenye ploti hapa mtaani. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu kwangu kuna viti vya kutosha wageni.

Baba alituachia ardhi hii mimi na mdogo wangu. Katikati yetu alikuwa amepanda kayaba, ile miiba ambayo hata kuku huipita kwa kuomba Mungu. Mama alibaki upande wa mdogo wangu, maana kwetu mama hukaa kwa kitinda mimba. Lakini kulikuwa na mwanya, na kila asubuhi nilijipenyeza hapo nikanywe chai kwa mama. Mke wangu ameshona mashati yangu hadi akasema angejua angeolewa na cherehani.

Wezi walipozidi, chama kiliamua tung'oe kayaba zote tujenge kuta za mawe. Tukakubaliana kwamba ukuta wa katikati ni wa majirani wote wawili: wanaujenga pamoja, wanautunza pamoja, na hakuna kuacha mlango wala tundu mpaka wote wawili wakubali. Hilo la mwisho nililipendekeza mimi. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama waziri. Muda si mrefu mjane mmoja akaomba mlango mdogo wa kupitia kwenda bombani. Jirani yake akakataa, nami nikamwambia mama yule sharti ni sharti. Alichukua debe lake akazunguka barabarani.

Zamu yetu ikafika. Sasa kayaba ni nene, na ukuta ni upana wa jiwe. Upite wapi? Mdogo wangu alitaka upite ukingoni kwangu, mimi nikataka katikati. Wanakamati wakatazama viatu vyao, hakuna aliyetaka kuingia kati ya ndugu. Hapo ndipo akili yangu kubwa ilipofanya kazi. Nikasema mama aulizwe, kwa sababu alikuwapo baba alipopanda itoka, yale maua ambayo wazee wetu huyaweka ardhini kuonyesha mpaka. Kayaba ilikuwa imeyameza zamani.

Mama akaja na fimbo yake. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Alitembea polepole, akasimama, akagonga chini, akasema, "Hapa." Tulichimba, na kiazi cha itoka kikatoka, kikiwa hai bado. Kilikuwa ndani zaidi upande wa mdogo wangu kuliko hata nilivyodai mimi.

Nilipoona uso wa ndugu yangu nilimwambia achukue kipande hicho chote, hakitoshi hata choo. Akatikisa kichwa. "Mama ameshasema mtoto wake ni nani," akaniambia. "Wewe baki na ardhi. Mimi nitabaki na yeye."

Ukuta ukapanda. Nilimwomba tuache mlango pale palipokuwa na mwanya. Alinijibu mbele ya mafundi, tena kwa upole: "Si sharti ni lako, mwenyekiti? Basi jirani amekataa." Mafundi wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa mazoea tu.

Lango lake liko upande ule mwingine, wa kuelekea Gatina. Nimezunguka huko zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho alinizuia langoni, wapangaji wake wakifua nguo na kusikiliza, akaniuliza kama nimekuja kukagua. Mama miguu haimfikishi barabarani. Sijauona uso wake tangu mawe yanipite kimo.

Ila mafundi huacha matundu ukutani, wanapoingiza miti ya kusimamia wakijenga juu, halafu huyaziba mwishoni. Moja liko usawa wa kifua, karibu na ule mwanya wetu. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama hapo na kikombe changu kama mtu aliyekosa kazi, nikasikia, "Mwenyekiti, umekunywa chai?" Nikainama, tumbo likiruhusu. Mkono wa mama ukatokea, umeshika kiazi kitamu cha moto.

Tangu hapo naenda kila asubuhi. Tunaongea habari za magoti yake na mashati yangu. Juzi aliniambia, "Nilijua hutanifungia. Nilipopapasa nikaona umeniachia kadirisha, nilimwambia mdogo wako, unaona, ndugu yako hajanisahau."

Sikuweza kumwambia ni tundu la mti.

Fundi amesema mvua zikikatika atakuja kuziba na kupiga plasta, kisha kamati ikague, mimi nikiwa mbele. Mdogo wangu ameshasema anataka ukuta mzima kama tulivyokubaliana. Siku hiyo hiyo tutakagua na ukuta wa yule mjane. Nikiliacha tundu langu, nitamtazama kwa macho gani? Nikiomba sharti lifutwe, watasema nimeona ubaya wake liliponigusa mimi, na watakuwa wamesema kweli. Mke wangu anataka nijiuzulu, lakini mimi nikitoka kwenye kiti, ukuta hautoki. Na tundu likizibwa, asubuhi mama atakuja na kiazi chake, apapase mawe, na atajua mwenyekiti ni nani.

Wasomaji wenzangu, nyinyi mlio na mama na mliompoteza, mnichambue kwanza mkitaka, nimezoea, halafu mnishauri. Nifanye nini? Msikawie kuniandikia. Leo hapa kwetu jua limewaka.