Mtaalamu wa Februari

Kwa miezi kumi na mmoja Wazir alikuwa fundi wa kompyuta, Mpemba aliyehamia Riverdale Park, mji mdogo wa Marekani. Ikiingia Februari, mwezi ambao shule za huko huadhimisha historia ya watu weusi wa Marekani, alipandishwa cheo, akawa mtaalamu wa historia hiyo, somo ambalo hakujua hata pa kulianzia. Cheo chenyewe alipewa na mwalimu wa binti yake Layla, na Wazir kukataa mwaliko hakujaaliwa. Kila mwaka alivaa shati lake la kitenge, akaenda darasani kuwasimulia watoto habari za karafuu: zinavyochumwa, zinavyoanikwa. Akapigiwa makofi, akala keki, akarudi nyumbani kichwa kimevimba kama andazi.

Mwaka huu Layla aligoma.

"Baba, please, sio karafuu tena. Ukija, mimi nitasema naumwa."

Kichwa kikanywea. Mtoto alimwonea haya, na haki alikuwa nayo. Wazir mwenyewe, akikumbuka alivyoigiza kukwea mkarafuu juu ya kiti cha mwalimu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaenda nyumba ya pili kwa Bi Cheryl, dereva wa basi mstaafu, Mmarekani mweusi mzaliwa wa mtaa huohuo, kumwomba aende yeye. Miaka yote ya ujirani, swali pekee alilowahi kumuuliza lilikuwa siku ya kutoa taka.

Bi Cheryl alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Februari?" akamwambia kwa Kiingereza. "Kanisa wananitaka, maktaba wananitaka, kila shule inanitaka. Njoo Machi. Machi simu yangu hailii kabisa."

Mwalimu alipoelezwa akasikitika: Machi ulikuwa mwezi wa historia ya wanawake.

"Kwani Bi Cheryl ni mwanamume?" Layla akamuuliza.

Basi Machi Bi Cheryl akaenda, akawaeleza watoto jinsi mama yake alivyokuwa akiipita kila asubuhi shule ya karibu, ya wazungu peke yao, asiyoruhusiwa kuingia, akienda ya mbali kwa miguu. Wazir alikaa nyuma kwenye kiti cha kitoto, magoti yakigusa kidevu, kitenge mwilini, maana nguo nyingine ya shughuli hakuwa nayo. Ulimi ulimwasha ataje karafuu, walau kidogo tu. Akaung'ata.

Mtoto mmoja akamgeukia Layla. "Baba yako leo hasemi?"

"Leo amekuja kusikiliza," Layla akajibu. Akabeba kiti chake, akapita nacho mbele ya darasa zima, akaenda kukaa ubavuni mwa baba yake.