Kisigino cha Mtega Fuko

Siku hizi fuko akiingia bustanini, watu wanapiga simu. Anakuja mtu na mkoba wa vidonge, anatumbukiza kimoja kwenye shimo la kwanza analoliona, anajipangusa mikono na kuondoka. Ukimwuliza huyo fuko analala wapi, anakutazama kama umemwuliza jina la mama mkwe wa fuko.

Shemeji yangu alijua. Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na kwa miaka thelathini na mmoja alitega fuko katika bustani ya miche ya chuo cha kilimo. Jina lake hakuna aliyelitumia. Wote tulimwita Kisigino.

Kila asubuhi alivua viatu langoni, akavichomeka juu ya nguzo za ua, akaanza kutembea taratibu kati ya matuta huku akikanyagia kisigino. Sisi wengine tuliona vilima vya udongo mbichi na kudhani tumemwona fuko. Yeye alivipita bila kuvitazama.

"Hizo ni taka zake, shemeji," aliniambia. "Ukitaka kujua mtu analala wapi, unakwenda jalalani?"

Baadaye nilisoma habari za fuko vitabuni, na sikukuta jambo ambalo hakuwa ameshaniambia. Fuko huchimba kwa meno, na midomo yake hufunga nyuma ya meno ili asimeze udongo. Udongo huo huusukuma juu kwa njia ya pembeni, kisha akaiziba. Karibu na uso wa ardhi ana vijia vingi vya kutafutia mizizi, vingine havipiti mara mbili. Chini zaidi, kina cha mkono hadi kiwiko, iko barabara kuu, nayo ndiyo inayofika nyumbani: kitanda cha nyasi kavu, ghala la viazi, na choo kando kabisa.

"Choo mbali na ghala," alisema Kisigino, akiangalia uani kwangu, choo kilipopakana na jiko. "Na macho yenyewe hana."

Barabara kuu ndiyo aliyoitafuta kwa kisigino, akihisi mahali ardhi inapoitika kwa uwazi ulio chini. Alichimba shimo moja tu, akaweka kitanzi na fito iliyopindwa na kushikiliwa kwa uzi, akaacha mwanya wazi. Chambo hakuweka. Fuko havumilii mlango wazi. Hewa ikimpiga, anakuja na udongo kuziba. Akisukuma, uzi unakatika, fito inaruka. Kisigino aliyasema hayo kwa heshima, kama anayemsifu jirani nadhifu.

Dada yangu hakutaka kusikia. Alimwekea karai la maji mlango wa nyuma, na kwa miaka yote ile neno lake lilikuwa moja: "Miguu hiyo isiingie kwangu. Watu watasema nimeolewa na mchimba makaburi."

Kisha Kisigino akapata ugonjwa wa sukari. Mwiba ulikaa siku nne kwenye unyayo wake bila yeye kujua. Muuguzi aliyeutoa hakumficha: "Mzee, miguu hii ina ganzi. Kuanzia leo hutembei peku, hata kwenda chooni." Dada akamnunulia mabuti ya mpira siku hiyohiyo.

Mvua zile, fuko mmoja aliingia kwenye matuta ya miche ya matunda. Mche unauona umesimama mzima, ukiugusa unalala, mizizi hauna. Kisigino alichimba mashimo tisa kwa wiki tatu, na yote yakaangukia vijia vya mizizi. Meneja, ambaye alikuwa mgeni na mwenye haraka, akamwita.

"Mzee, nakupa hadi Ijumaa. Asipopatikana, Jumamosi analetwa mtu wa dawa, na kazi yako tunaifunga."

Alhamisi jioni niliwakuta sebuleni, chakula hakijaguswa.

"Sisikii tena," Kisigino alikuwa akimwambia mkewe.

"Husikii nini?"

"Chini. Kwa mabuti haya ni sawa na kusalimiana na mtu kupitia blanketi. Na nikiyavua, ni hivyohivyo."

Dada alisogeza sahani kando. "Kwa hiyo wiki tatu unakichimbia chuo visima, na mimi huniambii?"

"Ungefanya nini, mama?"

"Mimi miguu yangu ina ganzi?"

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda watatu. Dada akavua kandambili langoni. Wafanyakazi wakaacha majembe, mmoja akauliza:

"Mama, umekuja kupima kiwanja?"

"Nimekuja kupima akili yako, lakini hata futi moja haikutimia."

Kisigino alitembea kando yake na mabuti yake. "Usikanyage kama unaponda siafu. Uache uzito ushuke wenyewe."

"Umenioa nikiwa na uzito huuhuu, leo ndiyo unalalamika?"

Walimaliza tuta moja, wakaingia jingine. Jua likapanda. Kando kabisa ya ua, mahali pasipo na kilima hata kimoja, dada alisimama.

"Hapa pananijibu."

"Rudi hatua mbili."

"Huku kimya."

"Rudi ulipokuwa."

"Hapa hapa, mzee."

Kisigino akapiga magoti, akachimba. Lilipotokea tundu, kuta zake zilikuwa laini kwa kupitwapitwa, kavu wakati ardhi yote inavuja maji. Aliingiza mkono hadi kiwiko na kufumba macho. Uso ule sikuuona hata siku ya harusi yao.

Akatega. Dada akaambiwa akae asiseme neno, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku ile. Kabla ya adhuhuri, fito iliruka.

Meneja akaja, akamtazama mnyama. "Nani amepapata hapa?"

"Mke wangu," alisema Kisigino.

"Mwongo. Mimi nimesimama tu. Yeye ndiye aliyejua nimesimama wapi."

Meneja alicheka, akasema mtu wa dawa asije. "Lakini, mama, chuo hakina nafasi ya watu wawili."

"Nani kaomba mbili? Mtu ni mmoja huyo, miguu yake tu iko kwangu."

Walifanya kazi hivyo miaka minne, mpaka Kisigino alipofariki. Sasa ni vidonge, na miche inalala safu kwa safu. Hayupo anayevua kiatu.

Mimi huikumbuka zaidi njia ya kurudi siku ile. Baada ya miaka thelathini na kitu ya ndoa, dada alimwuliza mumewe habari za fuko kwa mara ya kwanza.

"Kila mmoja anaishi peke yake huko chini?"

"Peke yake."

"Sasa anaoaje?"

"Anachimba mpaka kwa mwenzake."

"Na asipofunguliwa?"

"Anageuka, anaziba njia, anarudi kwake."

Dada alitembea hatua kadhaa akiliwaza hilo. "Basi ana adabu," alisema. "Wewe ulikaa mlangoni kwa baba siku tatu."