Nywele za Masele

Jilala wa Bukene alikuwa mtu wa maneno machache, na wengi walidhani ni majivuno. Majivuno gani, jamani! Mtu yule alikuwa na lake moyoni tangu mwaka wa arobaini na saba.

Mwaka huo alirudi kutoka kwenye mkonge wa Kilosa, alikokwenda manamba na rafiki yake Masele. Masele alikufa huko kwa homa, akazikwa na watu ambao, mbali na Jilala, hawakumjua hata jina. Kabla hajakata roho alimwomba Jilala amnyoe, nywele zipelekwe kwa mama yake zizikwe nyumbani, naye apate pa kulala karibu na wazee wake. Jilala alizifunga kwenye kitambaa, akakisokomeza kiunoni.

Stesheni ya Tabora, akingoja gari moshi la Mwanza, askari polisi akamsimamisha. Kosa lake ni kushikashika kiuno.

"Unaficha nini?"

Jilala aliuliza kwa adabu kama kuna karatasi ya hakimu, maana kule mkonge alimsikia karani akisema hapekuliwi mtu bila karatasi.

Askari alicheka. "Karatasi ni ya nyumba, bwana. Mtu nikimshuku namvua hapa hapa."

Na kweli, sheria ya Waingereza ilimpa ruhusa hiyo. Akamvua shuka mbele ya akina mama wauza karanga, mtu mzima na akili zake, mikono juu. Kitambaa kikafunguliwa.

"Nywele za mtu. Kumbe mchawi."

"Ni za marehemu, bwana askari. Nampelekea mama yake azizike."

"Marehemu uliyemuua wewe."

Hakumpeleka popote. Alizimwaga chini, akawasha kiberiti, akamwambia ashukuru hakulala ndani. Naona hata chakula cha mchana kilimshuka vizuri, mshenzi yule.

Jilala alishuka Bukene hajui aseme nini. Amwambie mama wa watu kwamba mwanawe kachomwa kama takataka? Habari za msiba na za nywele zilikwisha kumtangulia, na mama alikuwa akingoja hicho kitambaa tu. Basi akaingia kichakani, akatoa wembe, akanyoa kichwa chake chote, akazifunga nywele zake mwenyewe bila hata kuzitazama.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia, kwa kilugha chao, yaani mama.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Masele alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akazitazama nywele juani. Halafu akakaa chini.

"Zina mvi," alisema. "Masele aliondoka hapa hana hata unywele mmoja mweupe. Jilala, walimtesa hivyo mwanangu?"

Miaka mitatu Jilala hakuona kioo. Hakujua kama ana mvi. Masele alikufa na nywele nyeusi ti. Alitaka kusema kweli, aibu na huruma zikamzuia.

"Walimtesa, mayu."

Nywele zilizikwa siku ile ile. Mama aliishi miaka sita baada ya hapo, na alichokuwa akikililia kila siku si kifo tena, ni zile mvi.