Naftalini Kwenye Chetezo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu na pua ambayo bado inanusa.

Juzi wageni kutoka Igunga walifika kwetu Chemchem kumposa mjukuu wangu Salma, mwalimu wa kemia. Desturi yetu ni kumfukiza mgeni udi, nao ulikuwa umekwisha. Nikakumbuka Salma aliwahi kusema kwamba naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini, ni kemikali aromatiki. Neno hilo nililijua kwa wauza marashi! Nikaponda viwili, nikatia kwenye chetezo, nikapita kwa madaha nikifukiza kanzu za wazee.

Wakakohoa. Mshenga akafuta machozi. "Mzee wangu, udi huu wa wapi?"

"Wa kitaalamu," nikajibu.

Salma akachungulia mlangoni. "Babu! Aromatiki ya kemia ni muundo wa molekuli, si harufu! Umewafukiza dawa ya nondo!"

Nikaiona posa inaota mbawa. Baba wa kijana akanusa kanzu yake, akaangua kicheko. "Mzee, tumekuja kuposa, watufukuza kama nondo! Binti tunamtaka, ila udi tutaleta wenyewe."

Nawe msomaji, Mungu akujaalie wageni wenye subira kama hawa.