Neno la Saba

Wamboi wa Kalimoni hajawahi kuamini kufuli moja. Banda lake la kuku lina mbili, choo kina mbili, na sanduku la chama chao cha akina mama kumi na wawili lina tatu, kila ufunguo na mwenyewe. Wazo la sanduku lilikuwa lake, na tangu siku hiyo alijiona mtaalamu wa usalama.

Mjukuu wake Lenny, anayekaa Mwiki, alipomletea zawadi ya bitcoin ili bei ikipanda anunue tangi la maji, alimsikiliza kwa makini. Lenny aliiweka kwenye simu ya bibi yake, kisha akamwandikia kwenye karatasi maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Simu ikiharibika, maneno hayo kwa mpangilio wake ndiyo yatakayorudisha pesa. Asiyapige picha. Mtu mwingine asiyajue yote.

Jioni ile ile Wamboi akaenda chamani na kuyagawa. Kila mwanachama alinong'onezewa neno moja na namba yake, naye Wamboi akabaki na moja. Karatasi akaichoma, akalala usingizi mnono.

Miezi mitatu baadaye simu ilitumbukia kwenye ndoo ya chakula cha nguruwe. Lenny alileta nyingine, akaomba karatasi. Alipoambiwa ilikoenda, alikaa kwenye kigoda.

"Aki Shosho, uliambia watu eleven?"

"Neno moja moja. Hakuna anayejua yote. Si ulisema hivyo?"

Jumamosi akina mama walipanga foleni nje ya jikoni. Mmoja mmoja aliingia, akaandika neno lake, akatoka baada ya kufuta kioo cha simu kwa kitambaa. Mmoja wao, Trizah, alikataa kuingia mpaka kuku watolewe, eti wanasikia. Mambo yalikwenda vizuri hadi namba saba.

Namba saba alikuwa Ngendo, jirani ambaye hakuwa amemsalimia Wamboi tangu siku ya kugawa maneno. Alikuja, ndiyo, lakini alikaa uani na mkoba wake magotini.

"Hilo neno siandiki," alisema. "Kwa Kiingereza chote, mimi nikapewa punda."

Trizah aliziba masikio, lakini alikuwa amechelewa.

"Ni kompyuta huchagua," Lenny alisema.

"Kompyuta inanijulia wapi?"

Wamboi alihisi shingo ikipata moto. Kompyuta ilichagua neno, lakini haikuchagua mtu. Alikuwa akigawa kwa kufuata viti, na zamu ya saba ilikuwa yake mwenyewe. Alimwona yule punda, akaona haya kuishi naye, akamsukumia Ngendo aliyekuwa kwenye kiti kinachofuata. Sasa angeweza kunyamaza na kumlaumu Lenny. Lakini Ngendo alikuwa akija kunywa chai kwake kila asubuhi, na kwa miezi mitatu Wamboi alikuwa ameinywa peke yake. Chai hiyo ilimuuma kuliko tangi.

"Punda alikuwa wangu," alisema. "Niliona aibu, nikakupa wewe. Mimi nikachukua namba nane, almasi."

Ngendo alimtazama, kisha akaingia jikoni, akaandika. Wamboi alimfuata, akaandika lake. Wanne waliobaki wakamaliza, na pesa zikarudi.

Lenny alishusha pumzi. Alisema pesa zitahamishwa mara moja kwenye pochi mpya ya mtandaoni, yenye maneno mapya, maana haya yamepita vinywa kumi na viwili na mawili yametangazwa uani.

"Na haya mapya, Shosho, ni yako peke yako. Usiambie mtu. Hata mimi."

"Mara hii," Ngendo alisema akiwa mlangoni, "nipewe langu kabla hujayasoma."

Wamboi alichukua simu iliyokuwa ikionyesha maneno mapya, akamgeuzia Ngendo kioo bila kukitazama, akampa na kalamu. Lenny alishika kichwa.

"Yaandike yote," Wamboi alimwambia. "Kisha utaniambia langu ni lipi."