Nyongeza ya Miaka Kumi

Juzi katika benki moja Changamwe nilipanga foleni nyuma ya mzee wa mvi na mkewe. Walikuja kuuliza kama wahamishie mkopo wa nyumba yao ya Mikindani kwenye mpya, wenye riba nafuu.

"Kila mwezi mtalipa kidogo, mama," karani akawaambia, "ila muda utaongezeka miaka kumi."

Mama alimgeukia mumewe, akamtazama kuanzia kofia hadi makubadhi.

"Na huyu, mwanangu, mtamwongezea mingapi?"

Karani aliangalia kompyuta yake, kana kwamba jibu limo humo. Benki hugawa miaka kama kwamba ni yake.

Wakabaki na mkopo wao wa zamani. Mlangoni mzee akauliza, "Kwani naonekana mgonjwa?"

"Wapendeza," mkewe akamjibu, akamshika mkono. "Ngazi hizo teremka polepole."